Stima Ikipotea, Waifai Isizimike

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea katika sehemu kubwa ya nchi. Minara mingi ya simu ina betri au jenereta za akiba, lakini ruta ya nyumbani, dukani au kwenye zahanati huzimika papo hapo, na anayetegemea waifai kuita msaada hukwama.

Ruta haitumii umeme mwingi. Nyingi ni za volti 12 na hula wati 10 hivi. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, hubeba wati-saa 84. Betri hiyo huharibika upesi ikimalizwa kabisa, kwa hivyo nusu tu ndiyo ya kuhesabu: takriban saa nne. Inveta kubwa haihitajiki, nayo hupoteza sehemu ya umeme huo. Kifaa kidogo cha akiba cha ruta, chenye betri ndani, kinatosha.

Kabla ya kununua, wakazi wanashauriwa kusoma kibandiko kilicho chini ya ruta. Volti zikizidi, ruta inaweza kuungua. Panapotumika faiba, kisanduku cha ukutani nacho kiunganishwe kwenye akiba. Kikizimika, waifai itaonekana kwenye simu lakini intaneti haitakuwepo.