Bolti Ikikatikia Kwenye Bloku: Dereva Hoi, Fundi Jasho!

TAK! Mlio mdogo tu, kama mtu kavunja kijiti. Lakini gereji nzima ikanyamaza. Dogo aliyekuwa na spana namba 12 akabaki ameduwaa, kichwa cha bolti kiko mkononi, mwili wake umebaki kwenye bloku ya injini.

Naam wasomaji, tupo Hamugembe, Manispaa ya Bukoba, nilikokwenda kumsindikiza mshikaji wangu kubadilisha wota pampu ya haisi. Gari lenyewe ni la tajiri, linapiga ruti ya Muleba. Likilala gereji, hesabu hakuna, na nyumbani mboga hakuna.

"Dogo umeniua! Hiyo utailipa wewe!" akafoka mshikaji. Dogo kwa woga akakimbilia drili. Hapo ndipo mzee mwenye gereji alipotokeza kutoka chini ya lori, mikono imejaa grisi.

"Waitu, tulieni. Weka hiyo drili chini. Hapa asiguse mtu kitu."

Mchawi ni nani?

Mzee akaokota bomba la chuma ambalo dogo alilichomeka kwenye spana ili apate nguvu. Akatikisa kichwa. Bolti ya milimita 8 ni nyembamba, ukiirefushia mkono wa spana lazima isalimu amri.

Lakini dogo hakuwa peke yake kwenye kosa. Dereva naye kwa miaka anajaza rejeta maji ya bomba matupu, bila ile dawa ya kuzuia kutu. Kutu ikila chuma inavimba, inajaza nafasi kati ya meno ya bolti na meno ya tundu. Vyuma viwili vinakuwa kama vimeoana. Hapo mshikaji akaanza kuangalia pembeni!

Subira kwanza

Pampu ilipotolewa, kumbe kipande kilikuwa kimejitokeza nje kidogo. Bahati hiyo! Mzee akakisugua kwa brashi ya waya, akakinyunyizia oili nyepesi ya kulegeza kutu, akakigonga kichwani taratibu kwa nyundo ndogo. Kugonga kunaitikisa kutu ili oili ipenye. Halafu akaagiza chai. Mshikaji nusura apasuke kwa hasira, lakini oili haina haraka ya mtu. Kuna bolti zinazolazwa nayo usiku kucha.

Baada ya chai, praizi ya kujifunga ikabana. Wapi! Ikateleza tu.

Ikabidi nati ichomelewe. Betri ikachomolewa kwanza, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza vifaa vya gari. Oili ikafutwa isije ikawaka moto. Nati ikavishwa juu ya kipande, fundi wa kuchomelea akajaza moto katikati yake mpaka vikashikana. Ujanja wa hapa si kupata pa kushikia spana tu. Ule moto unaitanua bolti na kuvunja kutu, ikipoa inanywea na kulegea.

Jaribio la kwanza nati ikang'oka. Dogo akafumba macho. La pili, mzee akampa spana yeye mwenyewe dogo: "Kaza kidogo, legeza kidogo. Usiivute kama ng'ombe." Ikalia kwii... ikazunguka robo, nusu, ikatoka nzima! Gereji ikalipuka kwa shangwe utadhani Kagera Sugar wamefunga bao.

Je, ikikatikia chini kabisa?

Nikamwuliza mzee, ingekatika sawa na uso wa bloku ingekuwaje? Akasema hapo ndipo fundi anapojulikana. Unapiga alama katikati kwa panchi, tena katikati kweli kweli. Ukikosea, drili inakimbilia kwenye meno ya bloku. Unatoboa kwa drili nyembamba, unaongeza unene polepole huku unatia oili. Matundu mengine yote unayaziba kwa vitambaa safi ili vumbi la chuma lisiingie ndani ya injini.

Kuna kile kifaa chenye meno yaliyopinda kinyume, unakiingiza kwenye tundu na kukizungusha kushoto. Ni kizuri, lakini usikichezee! Kimetengenezwa kwa chuma kigumu mno. Kikivunjikia ndani, drili ya kawaida haikiwezi, na tatizo moja linakuwa mawili.

Ikishindikana, bolti inatobolewa yote na meno yanakatwa upya kwa tapu. Kwa bolti ya milimita 8 yenye meno ya kawaida, tundu la kukatia meno ni milimita 6.8. Meno yakiwa yameharibika kabisa, tundu linapanuliwa na kuwekwa springi ya waya yenye meno mapya, na bolti ya saizi ile ile inarudi.

Hesabu ya siku

Jua linazama upande wa milimani, haisi ikanguruma. Bolti zote za pampu zilikuwa mpya, matundu yamesafishwa, na safari hii hakuna bomba kwenye spana.

Ikaja zamu ya malipo. Mshikaji akamkazia macho dogo. Mzee akacheka, akaenda kufungua kopo kuukuu la maziwa na kulimwaga mezani. Vichwa vya bolti tupu!

"Hivi vyote nilivikata mimi nikiwa kama yeye," akasema. "Leo wewe lipia pampu na nati. Kazi ya kung'oa ni juu yangu. Ila kesho tia dawa kwenye rejeta."

Mshikaji akanywea, akampa dogo mkono. Hesabu ya siku ilikuwa imepotea, lakini bloku ilipona. Na ukiuliza bei ya injini nyingine, utajua alipata faida.

Dogo akakiokota kile kichwa chake cha bolti, akakitumbukiza koponi.