Upatanisho wa Kiima na Kitenzi katika Kiingereza, kwa Macho ya Msemaji wa Kiswahili

Katika insha za Kiingereza za wanafunzi wetu, sentensi kama “The boys plays” na “The teacher speak” hukutwa mara kwa mara. Wako wanaodai kwamba chanzo chake ni Kiswahili: ati lugha ya nyumbani humzoeza kijana kusema bila kanuni. Dai hili si jepesi, kwa maana humfanya mwanafunzi aionee haya lugha yake. Tena linapingana na lugha zenyewe.

Tutazame sentensi “Vitabu vyangu vipya viwili vimepotea”. Ngeli ya nomino inasikika mara tano, tangu nomino yenyewe hadi kitenzi. Kiingereza, kwa maana hiyo hiyo, hakigusi kivumishi wala kimilikishi. Huridhika na nomino na kitenzi tu. Hata katika kitenzi upatanisho ni haba mno. Ukiacha kitenzi cha “kuwa”, chenye “am, is, are, was, were”, vitenzi vya kawaida hubadilika mahali pamoja tu: wakati uliopo, nafsi ya tatu, umoja, ambapo huongezwa herufi s. Wakati uliopita hakuna badiliko: “I spoke, she spoke, they spoke”. Vitenzi visaidizi kama “can” na “must” havibadiliki kabisa.

Umaskini huo una historia. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi tamati vingi vya nafsi, navyo vikamomonyoka karne kwa karne. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ingali inatumia “cometh” pale ambapo leo husemwa “comes”, na Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, alichanganya “hath” na “has”. Herufi s ni masalio ya jengo lililobomoka. Hata Uingereza kwenyewe, katika lahaja ya jadi ya Norwich na vijiji vya jirani, wazawa husema “she go” bila s, na hakuna anayesema kwamba hawana lugha.

Basi ugumu uko wapi? Kwanza, herufi s ina kazi mbili zinazopingana. Kwenye nomino ni alama ya wingi; kwenye kitenzi ni alama ya umoja: “The boy plays”, lakini “The boys play”. Mwenye kusema “watoto wanacheza” amezoea wa- kuitikiwa na wa-. Akiandika “The boys plays”, anatafuta mwitikio ule ule. Kifaransa cha shuleni nacho hakimsaidii, kwani “ils parlent” humfundisha kwamba wingi huongeza herufi katika kitenzi, wala haupunguzi. Pili, Kiswahili huweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi, na sikio hutegwa huko; Kiingereza huificha mwishoni. Ndiyo sababu “speak” hupita bila kushtua mtu. Kwa kosa la kwanza, basi, mwanafunzi anadai upatanisho zaidi ya ule ambao Kiingereza kinautoa.

Jambo zito zaidi ni umbali kati ya kiima na kitenzi. Katika “Kitabu cha watoto kimepotea”, neno “cha” linalinda kumbukumbu ya kitabu, na msemaji hawezi kuteleza akasema “wamepotea”. Kiingereza husema “of”, neno bubu lisilo na ngeli wala idadi. Kwa hiyo katika “The price of the books has risen”, nomino ya wingi iliyo karibu huvuta kitenzi, na wengi huandika “have”. Wazawa wa Kiingereza pia huanguka hapa. Msemaji wa Lubumbashi, anayesema “kitabu ya batoto iko ku meza”, anakijua kiunganishi kisichobadilika, ila ki- na ba- za nomino humwongoza bado. Dawa ninayowapa wanafunzi ni kufuta kwa kalamu maneno yote tangu “of” hadi kitenzi, kisha kusoma yaliyobaki: “The price has risen”.

Kuna mahali ambapo maana hulishinda umbo. “Police” haina s, lakini kitenzi chake ni cha wingi: “The police are here”. “News” ina s, nayo ni umoja. Hili halipaswi kumshangaza anayesema “kifaru anakunywa maji”, ambapo nomino ina umbo la ki- na kitenzi kinafuata uhai wa mnyama. Kuhusu “government”, Marekani huchagua “is”, na Uingereza hukubali “is” na “are” pia. Msahihishaji asipige mstari mwekundu chini ya lolote kati ya hayo mawili, isipokuwa mwandishi ameyachanganya katika insha moja.