Je, Wajua? Japani, Nchi Inayoishiwa na Watoto

Je, wajua kuwa mwaka 2024 Wajapani waliozaliwa walikuwa kama 686,000, huku waliofariki wakizidi milioni 1.6? Kwa kila mtoto aliyepokelewa, yalifanyika mazishi zaidi ya mawili. Mwaka 1949, nchi hiyohiyo ikiwa bado maskini baada ya vita, walizaliwa watoto karibu milioni 2.7.

Je, wajua kuwa mwaka 1966 watoto walipungua ghafla kwa robo nzima? Kwa kalenda ya jadi, ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto, unaorudi kila baada ya miaka 60, na wengi waliamini kuwa msichana aliyezaliwa mwaka huo ana kisirani, atafupisha maisha ya mumewe. Wazazi wakasubiri upite, na mwaka uliofuata wodi za wazazi zikajaa tena. Kilichoishtua serikali kilikuja mwaka 1989: wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hadi 1.57, chini hata ya ule wa 1966, na safari hii hapakuwa na imani ya kusingiziwa. Mwaka 2024 wastani huo ulikuwa 1.15.

Wazee, Mungu awazidishie, wanaishi. Waliotimiza miaka 100 walikuwa 153 mwaka 1963, na serikali ikaanza kuwazawadia kila mmoja kikombe cha fedha. Sasa wamepita 95,000. Kikombe kilipunguzwa ukubwa mwaka 2009, na tangu 2016 kinapakwa fedha juu tu.

Je, wajua kuwa nyumba milioni 9 nchini humo hazina mtu? Katika kijiji cha Nagoro, kisiwani Shikoku, midoli ni mingi kuliko wakazi. Mama mmoja, Tsukimi Ayano, alirudi kumtunza baba yake mzee, akatengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani yenye sura ya baba huyo. Hakuishia hapo. Leo midoli yake imekaa kituo cha basi, imeinama mashambani, na katika shule iliyofungwa mwaka 2012 imejipanga kwenye madawati, mwalimu akiwa mbele yao. Katika habari zote za Japani, hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Kuwalaumu wanawake kwa uchache wa watoto ni kuwaonea. Kule ni watoto kama 2 tu kati ya 100 wanaozaliwa nje ya ndoa, kwa hiyo ndoa zikipungua, watoto nao hupungua. Zilifungwa karibu milioni 1.1 mwaka 1972. Mwaka 2024 hazikufika nusu milioni. Kijana mwenye kibarua kisicho na uhakika huogopa kuoa, na mke aliyeajiriwa bado huachiwa kazi nyingi za nyumbani.

Na je, wajua kuwa hata kila mwanamke wa Japani akianza leo kuzaa watoto wawili, watu wataendelea kupungua kwa miaka mingi? Wasichana waliozaliwa wachache jana ndio akina mama wachache wa kesho.