Unauza nyumba ya zamani? Pima paa kabla ya kumwita fundi

Nyumba ya wazazi ina miaka 50, familia imekubaliana iuzwe, na dalali anasema lile paa la kijivu linashusha bei. Wengi hapo humwita fundi alibomoe haraka, waweke mabati mapya, kisha wapige picha za tangazo.

Subiri kwanza. Huenda paa hilo ni la asbesto, na kulibomoa ovyo ni hatari kuliko kuliacha lilivyo.

Asbesto ni nini?

Ni madini yenye nyuzi ndogo sana. Zamani yalichanganywa na saruji kutengeneza mapaa, dari na mabomba, kwa sababu hayashiki moto wala kutu.

Paa likivunjwa, likikatwa au likitobolewa, nyuzi hizo hupeperuka. Huzioni, lakini ukizivuta zinabaki mapafuni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu. Ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20, 30 au zaidi baadaye.

Unaweza kuitambua kwa macho?

Unaweza kuishuku tu. Bati la asbesto ni nene, zito, halipati kutu, na mara nyingi limeota kuvu. Ukiligonga halitoi mlio wa chuma. Lakini kuna mabati ya saruji yasiyo na asbesto yanayofanana nalo kabisa. Jibu la uhakika hutoka maabara, kwa darubini.

Kipimo hufanywaje?

Mtaalamu hulowesha sehemu anayochukua sampuli ili vumbi lisiruke, anachukua kipande kidogo, anakifunga vizuri na kukipeleka maabara. Usipande mwenyewe. Mabati haya yakizeeka hukatika chini ya miguu, na watu huanguka.

Majibu yakitoka

Hakuna asbesto? Weka ile ripoti pamoja na hati za nyumba, itakusaidia kwenye mazungumzo ya bei.

Ipo? Usiogope. Paa zima ambalo halijaguswa hutoa nyuzi chache sana. Una njia mbili:

• Uza nyumba ilivyo, mwonyeshe mnunuzi ripoti, na bei izingatie gharama ya kuliondoa.

• Liondoe kabla ya kuuza. Nchini Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa hiyo tafuta kampuni yenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Mabati hulowekwa maji, hushushwa mazima bila kuvunjwa, hufungwa kwa plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa.

Usiyatupe mtoni, usimpe jirani ajengee banda la kuku, wala usiyaponde kujazia mashimo ya barabara.

Kwa nini usinyamaze tu?

Kwa sababu mnunuzi ataanza ukarabati. Ataleta mafundi wasio na barakoa, watakata na kufagia, huku watoto wakicheza pale pale uani. Kama hukumwambia, hawatajua wanavuta nini.

Kwa hiyo kabla tangazo halijaenda hewani, tafuta mtaalamu apime. Fundi atakuja baadaye.