Kemia ya Mama Zetu na Dhahabu ya Misisi

Mtu akilisikia neno kemia, mara hufikiri chupa za kioo na mwalimu aliyevaa koti jeupe. Kumbe kila siku, tangu milima ya Fizi hata pwani ya Baraka, kemia hutendeka mbele ya macho yetu: katika chungu, katika kinu, katika kidimbwi cha kulowekea mihogo. Hata neno lenyewe halikutoka mbali na lugha yetu. Waarabu wa kale walisema al-kimiya, na Wazungu wakalipokea kwao wakasema alkemia.

Wanaalkemia hao walikuwa na tamaa moja kubwa, yaani kuigeuza risasi na madini mengine duni yawe dhahabu. Jabir ibn Hayyan, ambaye vitabu vingi vya Kiarabu vyaitwa kwa jina lake, anasemwa kufundisha kwamba madini yote yametokana na zebaki na kiberiti. Huko Hamburg, mwaka 1669, Mjerumani Hennig Brand alichemsha mikojo mingi akitumaini kupata kitu cha kumtajirisha. Dhahabu hakuipata. Alipata fosforasi, kitu king'aacho gizani. Twaweza kumcheka, lakini tusisahau kwamba kila tuwashapo njiti, fosforasi iko katika ubavu wa kisanduku.

Basi, dhahabu haikutengenezwa na hata mmoja wao. Lakini kuigeuza sumu iwe chakula, hilo mama zetu wamelifanya kwa vizazi vingi bila kitabu chochote, na kwa maoni yetu ndilo jambo kubwa zaidi.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili mpaka pwani ya Kongo katika karne ya 16, na toka huko ukapenya barani hata ukafika kwenye maziwa makuu. Ndani yake kimefichwa kitu kiitwacho linamarini. Pembeni yake, kama nyuma ya ukuta mwembamba, kimo kimeng'enya cha kukivunja. Ukikata muhogo, ukiutwanga, au ukiuacha ulainike majini, ukuta huo hubomoka, vitu hivi viwili hukutana, na mwisho hutoka sianidi, sumu kali sana.

Msomaji atauliza: je, si afadhali visikutane kamwe? La. Sianidi ikiisha kufunguliwa ni nyepesi mno; huchemka kwa digrii 26 tu, tena huyeyuka katika maji, hata huenda zake pamoja na maji na hewa. Ile iliyobaki imefungwa ndani ya linamarini ndiyo iingiayo tumboni pamoja na ugali. Kwa hiyo siku 3 au 4 za kuloweka mihogo michungu si desturi tupu ya wazee. Usiku mmoja hautoshi. Muhogo bado ni mgumu, na kuta zile hazijavunjika. Ndivyo ilivyo na sombe pia: kuyatwanga majani vizuri hukutanisha vitu viwili vile, na kuyachemsha muda mrefu pasipo kufunika sufuria huifukuza sumu.

Shida huja watu wanapolazimika kuharakisha. Vita vikiwafukuza makwao, au ukame ukiharibu mazao mengine, au mchuuzi akingoja njiani na fedha mkononi, mihogo huondolewa majini kabla ya wakati. Hapo ndipo huzuka ugonjwa wa konzo. Mtu hulala mzima; akiamka, miguu imekakamaa, magoti yagongana, na hawezi kutembea ila kwa ncha za vidole, au hawezi kabisa. Hushika hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Akili hubaki timamu, na ugonjwa hauzidi siku hata siku, lakini miguu hairudi kama ilivyokuwa. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo, na jina lake ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Wala si habari ya mbali. Mwaka 2011 wataalamu waliandika juu ya konzo iliyoonekana Kivu ya Kusini, huko Burhinyi katika Mwenga, eneo linalopakana na Fizi. Mahali pengi jirani husema ni uchawi, na jamaa mbili huanza kuchukiana bure.

Mwili nao una kemia yake. Huichukua sianidi na kuiunganisha na salfa, nayo hutoka katika mkojo bila kudhuru sana. Lakini salfa hiyo mwili huipata katika chakula chenye nguvu ya kujenga: samaki, nyama, mayai, maharage. Hapa mtu wa Baraka amebahatika kuliko ndugu yake wa mlimani, kwa sababu ya ndagala wa ziwa Tanganyika. Twaona ni hesabu mbaya kuuza ndagala wote sokoni na kuwaachia watoto ugali mtupu.

Tena kuna njia nyepesi kwa unga ambao hatujui umelowekwa siku ngapi. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aliitafuta, na mwaka 2010 ilianza kujaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, huko Popokabaka. Unga hutiwa maji na kukorogwa, kisha hutandazwa juu ya mkeka, unene wake usipite sentimeta 1. Huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu hupikwa ugali siku ile ile. Kazi ni hiyo tu, wala haitaki fedha.

Kuhusu maji ya ziwani, watu wa Baraka, ambao wameizoea kipindupindu kwa majonzi, wanajua kloro iwekwayo katika bidoni. Jambo moja husahauliwa: maji ya tope hula kloro kabla haijawafikia vijidudu. Yaachwe kwanza yatulie, yachujwe kwa kitambaa, ndipo kloro itiwe, na kungoja nusu saa.

Turudi kwenye dhahabu, maana Fizi inayo kweli, huko Misisi. Ile zebaki ya wanaalkemia bado iko mikononi mwa wachimbaji wadogo mahali pengi pa dunia. Hushika chembe za dhahabu, zikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Moshi wake hauonekani wala hauna harufu. Hupenya mapafuni, mikono ikaanza kutetemeka na kumbukumbu kupungua. Kwa mama mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Ikianguka majini, vijidudu huigeuza sumu mbaya zaidi ikaaye katika samaki. Sumu hiyo katika samaki ndiyo iliyowapooza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa ulipojulikana mwaka 1956.

Anayelazimika kuchoma donge alichome mbali na nyumba, katika chombo kilichofunikwa chenye bomba la kurudisha zebaki, kamwe si katika jiko la mama. Na sufuria iliyochomewa donge haifai kupikia tena, hata ikisuguliwa kwa mchanga na majivu.