GARI KUUKUU NA MAGONJWA YAKE: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Methali hii inawafaa sana wenye magari makuukuu. Gari likikataa kuwaka asubuhi, wengi hukimbilia Kirinyaga Road, Nairobi, kununua kifaa kabla ya kujua ni kipi kilichoharibika. Mfuko hutoboka na gari hubaki palepale. Katika makala haya nitaeleza jinsi ya kutafuta ugonjwa wa umeme na wa gia, tukianza na yale yasiyogharimu hata senti moja.

Mfano wangu ni Peugeot 504. Gari hili lilianza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na hapa kwetu limebeba abiria na mizigo kwa miaka mingi. Mjomba wangu analo moja la kupelekea mboga sokoni. Likilala siku mbili tu, mboga zinaoza na karo yetu inachelewa. Ndiyo sababu kila likizo mimi hushika mita nikamsaidia.

UMEME

Tuanze na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, husoma karibu 12.6. Ikisoma 12 au chini ya hapo, haina chaji. Sasa washa injini. Mita inafaa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Isipopanda, alternata haichaji, lakini usiing'oe bado! Angalia kwanza kama mkanda wake umelegea au kuna waya uliochomoka.

Je, ikiwa betri imejaa na bado stata inatoa mlio wa "tak" tu? Hapo ndipo wengi hupotea. Mwaka jana fundi mmoja alimwambia mjomba anunue stata nyingine, na bei yenyewe ilikaribia karo ya muhula. Tukapima kwanza. Niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na ya pili kwenye chuma cha injini, mjomba akazungusha ufunguo. Mita ikasoma volti 3! Kwa kawaida haifai kuzidi nusu volti. Kumbe umeme ulikuwa unapotelea njiani, kwenye ule waya mnene wa arthi unaounganisha betri na injini. Ncha yake ilikuwa imejaa kutu. Tuliisugua kwa msasa, tukaikaza, na gari likawaka mara moja.

Somo letu la Fizikia linaeleza jambo hili vizuri: volti ni ampea mara omu. Stata huvuta umeme mwingi sana, tuseme ampea 150. Kizuizi cha omu 0.02 tu kinatosha kumeza volti 3. Taa ndogo haivuti hata ampea moja, ndiyo manake itawaka vizuri na kukufanya uamini kwamba waya ni mzima.

GIA

Gia nazo zina dalili zake.

Kwanza, injini ikipiga kelele mlimani lakini mwendo hauongezeki, shuku klachi. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, hakikisha hakuna mtu mbele ya gari, vuta handibreki, washa injini, ingiza gia ya tatu kisha uachilie klachi polepole. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Usirudierudie jaribio hili, utaiunguza.

Pili, gia zote zikikwaruza injini ikiwa inanguruma, lakini zikiingia laini injini ikizimwa, usiilaumu giaboksi. Huenda klachi haiachi vizuri. Chungulia kama mafuta ya klachi yamepungua au yanavuja. Lakini ikiwa ni gia moja tu inayokwaruza, basi kuna kifaa cha ndani kilicholika. Hapo mwachie fundi.

Tatu, tega sikio. Injini ikinguruma na gari likiwa halina gia, kelele inayokuja ukikanyaga klachi mara nyingi ni ya beringi ya klachi. Ile inayotoweka ukikanyaga kwa kawaida ni ya beringi ya ndani ya giaboksi. Pima pia oili ya giaboksi, manake ikipungua vyuma husagana.

Wakati mwingine magonjwa haya mawili hushikana mikono. Fyuzi ikiungua kila unapoingiza rivasi, usiseme gia imekufa. Kwenye giaboksi kuna swichi ya taa za kurudi nyuma. Waya wake ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi hukatika.

TAHADHARI

Vua pete na saa kabla ya kugusa betri. Ukitaka kuitoa, fungua nguzo hasi kwanza. Usiwashe kiberiti karibu nayo kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Mafundi wetu wa jua kali wana ujuzi mkubwa, wala sisemi tuwadharau. Lakini mwenye gari akifika gereji akijua ugonjwa uko wapi, mazungumzo ya bei huwa mengine kabisa. Heri kupoteza nusu saa ukipima kuliko kupoteza karo ya muhula mzima ukibahatisha.