Kutafuta Makao Kando ya Mji

Mwezi uliopita alinijia baba wa mmoja katika wanafunzi wangu, fundi cherehani akaaye Ilala. Akaketi juu ya jamvi baada ya sala ya Alasiri, akasema: "Maalim, nataka kuhama. Kodi ya vyumba viwili imenishinda, na mwenye nyumba ataka ya miezi sita kwa mara moja. Nimeonyeshwa kiwanja Chanika, miguu ishirini kwa ishirini, kwa bei niiwezayo. Lakini moyo wangu hautulii." Nikamjibu, "Bwana, moyo usiotulia una sababu yake, na tuitafute." Na kwa kuwa najua nyumba nyingi za Waislamu zina shauri kama hili, nimeona nilieleze hapa.

Wahamao Dar es Salaam kwenda kando si wachache. Hesabu ya mwaka 2012 iliwakuta katika mkoa huu watu 4,364,541, na ya mwaka 2022 watu 5,383,728. Lakini mkoa wa Pwani, uliouzunguka mji, ulitoka watu milioni 1 na laki 1 hivi ukapita milioni 2 katika miaka hiyo hiyo kumi. Hapana shaka kwamba wengi walioko leo Mkuranga na Kibaha walikuwa jana wapangaji wa Temeke na Magomeni.

Wala kukaa mbali si aibu. Bani Salima walikuwa na majumba yao pembezoni mwa Madina, na pale penye viwanja vitupu karibu na Msikiti walitaka kuhamia. Mtume wetu (S.A.W.) akawaambia wabaki kwao, kwani hatua zao zaandikwa, na imepokewa kwamba hakupenda pembe za mji ziachwe tupu. Basi asikae mtu akidhani kwamba baraka zote zimo Kariakoo.

Lakini tazama, msomaji mpenzi: hatua za Bani Salima zilikuwa za kwenda msikitini. Hatua za baba wa leo ni za kwenda kazini, naye hutoka watoto wamelala, akarudi wamelala. Mimi nimefundisha watoto waliofika katikati ya Juzuu Amma, wazazi wao wakahamia mahali ambapo hapana chuo, na baada ya mwaka mmoja nimekutana nao wamesahau hata zile sura fupi walizokuwa wakizisoma kwa sauti nzuri. Baba alikuwa amepata ukumbi mkubwa. Sikuweza kumpongeza.

Nikamwambia yule fundi tufanye hesabu ya nauli kwanza. Tuseme njia ya kwenda na kurudi, kwa magari mawili, yamla shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 78,000, na bado hujamtia mtoto asomaye mjini, wala bodaboda ya kutoka kituoni mvua inyeshapo. Akanyamaza. Kiwanja cha rahisi kilikuwa kimekwisha kupanda bei mbele ya macho yetu. Kadhalika nilimtaka aende akapaone siku ya mvua, wala si siku ya jua ambayo dalali huipenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande. Nao walikuwa wamejenga pale kwa sababu ile ile, kwamba palikuwa rahisi na karibu. Na kisima akionje mwenyewe, maana pwani yetu maji mengine ni ya chumvi, hayapiki wala hayafui.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote ni la milki. Hapa dhuluma ni nyingi, na yauma kusema kwamba wadhulumuji wengine twasali nao safu moja. Kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili. Ndugu mmoja huuza shamba la urithi na dada zake hawajui. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba atwaaye shibiri ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba. Basi mnunuzi naye asijitie upofu. Na aulize: muuzaji alikipataje? Warithi ni nani, na wamekubali wote? Aende ofisi ya serikali ya mtaa yeye mwenyewe, awaulize majirani wa pande zote nne, kisha aulize katika ofisi ya ardhi kama mahali pale pamepimwa, au pametengwa kwa barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, tangu Kimara mpaka Kiluvya, zilibomolewa. Aliye na uwezo kidogo zaidi na atazame viwanja vilivyopimwa, kama vile vya Kibada, Tuangoma na Buyuni, vya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Na aliyepungukiwa na fedha asikimbilie mkopo wa riba, heri achelewe.

"Na mama watoto asemaje?" nikamwuliza. Akacheka, akasema bado hajampeleka. Ajabu ya waume! Mwenye kushinda pale mchana kutwa, kuteka maji na kupeleka mtoto zahanati, hakuulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mkewe. Yafaa basi ridhaa hiyo itafutwe tangu siku ya kununua.

Juma la pili walikwenda wote wawili. Mkewe aliuliza msikiti uko wapi na nani asomesha watoto, akaambiwa msikiti uko mwendo wa saa nzima kwa miguu. Wakarudi. Sasa wamepata Kongowe, miguu kumi na tano kwa ishirini, ghali kuliko kile, na warithi watano wa muuzaji wametia sahihi wote. Nyuma ya nyumba ya jirani yuko mzee asomeshaye watoto kila siku baada ya Alasiri, chini ya mwembe. Jana fundi alinipigia simu kunijulisha kwamba wamehamia kabla ya kutia madirisha, na kwamba mwanawe ameanzia pale pale tulipoishia, Suratul-Buruj.